Wimbo Usipoimbwa Hupotea

*Haya ni mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na kikundi cha wahitimu wa kisomo chenye manufaa. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ili na wasomaji wengine wayapate.*

Najua mmetoka shambani na jua la leo lilikuwa kali. Sitawachosha.

Leo sikuleta habari za mbolea wala za chanjo ya kuku. Nimeleta habari za nyimbo. Nilipofika hapa mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, leo utatufundisha nini?" Nikamjibu, "Nyimbo za wanyoaji wa kondoo wa Australia." Akacheka sana. Akasema, "Mwalimu, kondoo wangu watano wananishinda. Hao wa Australia nitawaweza?" Basi tucheke kidogo, halafu tusikilize. Mwishoni mtaona kwa nini nimeileta habari hii hapa.

Nchi yenyewe

Ukisimama pwani yetu ukatazama Bahari ya Hindi, Australia iko ng'ambo ya mbali sana, upande wa kusini mashariki. Ni nchi kubwa. Ungeweza kuweka Tanzania nane ndani yake. Lakini sehemu kubwa ya katikati ni kavu, na watu wengi wanakaa mijini karibu na bahari.

Wenyeji wa nchi hiyo wameishi huko kwa zaidi ya miaka 50,000. Halafu mwaka 1788 Waingereza walifika na meli zilizojaa wafungwa. Waliigeuza nchi ile kuwa gereza lao la mbali. Waliendelea kuleta wafungwa mpaka mwaka 1868. Kwa jumla walikuwa zaidi ya 160,000. Wengine waliiba vitu vidogo tu, kwa sababu ya umaskini. Kati yao walikuwamo Waingereza, Waskoti na Waayalandi.

Baadaye walikuja watu kwa hiari yao. Wengine walifuata ardhi. Wengine walifuata dhahabu, kwa maana mbio za dhahabu zilianza huko mwaka 1851. Wengi wao walikuja na mzigo mdogo. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakichukui nafasi melini. Kitu hicho ni wimbo.

Nyimbo za porini zilizaliwaje?

Waaustralia wanaposema "porini" wana maana ya mahali popote mbali na mji. Pengine ni shamba, pengine ni mbuga, pengine ni msitu au jangwa. Huko ndiko zilikozaliwa nyimbo ninazozisema.

Fikirini maisha ya mnyoaji wa kondoo wa zamani. Hakuwa na shamba. Alikuwa akienda kutoka banda moja la kunyolea hadi jingine, mamia ya maili, kwa farasi au kwa miguu. Alilipwa kwa hesabu ya kondoo aliowanyoa, sio kwa siku. Kwa hiyo kila mtu alikazana. Mmoja wao, Jackie Howe, mwaka 1892 alinyoa kondoo 321 kwa siku moja, kwa muda wa saa 7 na dakika 40. Tena alitumia mkasi wa mkono! Jaribuni kumnyoa mmoja tu, mtaona.

Jioni mgongo unauma. Hakuna redio, hakuna sinema, na mke na watoto wako mbali. Watu wanafanya nini? Wanakaa kuzunguka moto na kuimba. Mmoja ana kinanda cha mdomo. Mwingine ana kodiani au fidla. Asiye na kitu anagonga vijiko viwili, au mifupa miwili, na mwendo wa ngoma unapatikana.

Waliimba juu ya mambo waliyoyajua. Waliimba juu ya safari ndefu za kuswaga ng'ombe, ukame, tajiri mchoyo, mpishi asiyejua kupika, na mchumba aliyeachwa mbali. Waliimba hata juu ya majambazi wa porini. Mmoja wao, Ned Kelly, alinyongwa mjini Melbourne mwaka 1880, na nyimbo zake zinaimbwa mpaka leo.

Na sauti za nyimbo walizipata wapi? Mara nyingi waliazima. Walichukua sauti ya wimbo wa Ireland, Uskoti au Marekani, wakaweka maneno yao. Kuna wimbo mmoja maarufu wa wanyoaji uitwao *Click Go the Shears*. Sauti yake ilitoka katika wimbo wa Marekani wa mwaka 1865. Maneno ya Australia yalichapishwa gazetini mwaka 1891. Hakuna aliyeona aibu. Hata sisi tunafanya hivyo. Tunachukua sauti ya wimbo wa harusi na kuweka maneno ya kumpokea mgeni.

Wimbo mmoja na safari yake

Sasa niwasimulie juu ya wimbo mmoja tu, ili muone wimbo unavyosafiri. Unaitwa *Waltzing Matilda*. Jina hilo maana yake ni kutembea njiani na furushi lako mgongoni, ukitafuta kazi.

Wimbo unasimulia habari za mtu maskini wa namna hiyo. Amepiga kambi kando ya bwawa na anachemsha chai. Kondoo anakuja kunywa maji. Yule mtu anamkamata na kumtia katika mfuko wake. Mara anatokea tajiri mwenye shamba, juu ya farasi, pamoja na askari watatu. Yule maskini hakubali kukamatwa. Anajitupa majini na kufa. Inasemekana roho yake inasikika mpaka leo mahali pale.

Wimbo huu ulitungwa mwaka 1895 katika jimbo la Queensland, kwenye shamba liitwalo Dagworth. Wakati huo mambo yalikuwa moto. Wanyoaji walikuwa wamegoma mwaka 1891, wakagoma tena mwaka 1894. Mwaka huo wa 1894 banda la kunyolea la Dagworth lilichomwa moto.

Mwaka uliofuata alifika mgeni hapo, mwanasheria na mshairi aitwaye Banjo Paterson. Katika nyumba ile alikuwamo mwanamke aitwaye Christina Macpherson. Mwanamke huyo alikuwa akipiga sauti aliyoisikia mwaka uliopita kwenye mashindano ya farasi, mbali sana, katika mji wa Warrnambool. Bendi ilikuwa ikiipiga, naye akaishika kwa masikio tu. Asili ya sauti hiyo ilikuwa Uskoti. Paterson akaipenda na kuiwekea maneno.

Mwaka 1903 kampuni moja ya chai ilichapisha wimbo huo, ili kuitangaza chai yake. Wimbo wa maskini mwenye birika ukawa tangazo la chai! Ukaenea nchi nzima. Mwaka 1977 wananchi waliulizwa wachague wimbo wa taifa wanaoupenda. *Waltzing Matilda* ulikuwa wa pili kati ya minne. Haukushinda, lakini ukimwuliza Mwaustralia leo, atakuimbia huo bila kutazama kitabu.

Tazameni ulivyopita. Ulitoka Uskoti ukafika kwenye bendi ya mashindano ya farasi. Ukaingia masikioni mwa mwanamke, ukapita kwenye kalamu ya mshairi, ukafika dukani, halafu midomoni mwa watu wote. Kama Christina angenyamaza siku ile, sauti hiyo ingeishia kwenye kiwanja cha farasi.

Hatari iliyotokea

Ndugu zangu, si kila wimbo ulipata bahati hiyo. Nyakati zilibadilika. Wakata manyoya walianza kutumia mashine. Ng'ombe waliosafirishwa kwa miguu walianza kubebwa kwa magari. Ilikuja santuri, ikaja redio, na vijana wakapenda nyimbo mpya kutoka nje. Waliojua nyimbo za porini walizeeka. Wengine walifariki, na nyimbo zao zikaenda nao kaburini.

Paterson aliiona hatari hiyo mapema. Alikusanya nyimbo kutoka kwa watu na kuzitoa katika kitabu mwaka 1905. Ilikuwa kazi nzuri. Lakini karatasi haishiki kila kitu. Maneno unaweza kuyasoma. Sauti je?

Hapo ndipo ninapomtaja John Meredith. Alizaliwa mwaka 1920 katika mji mdogo wa Holbrook. Alikuwa mpiga kodiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipata mashine ya kunasia sauti, akaanza kwenda kwa wazee. Aliwaomba waimbe, naye akanasa.

Katika mji wa Lithgow alimkuta mama mmoja aitwaye Sally Sloane, ambaye alizaliwa mwaka 1894. Mama huyu alikuwa na hazina kichwani. Alijifunza nyimbo kutoka kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa mama yake, aliyetoka Ireland. Meredith alinasa kwake nyimbo na sauti za ngoma zaidi ya 150. Hebu fikirini. Mtu mmoja, mama wa kawaida, nyimbo 150! Kama Meredith asingefika, nani angejua?

Mwaka 1967 Meredith na mwenzake Hugh Anderson walitoa kitabu cha nyimbo hizo. Jina la kitabu linataja nyimbo, na linataja pia wanaume na wanawake walioziimba. Waimbaji hawakusahauliwa. Sauti alizonasa zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa huko Canberra. Mama Sally alifariki mwaka 1982, lakini sauti yake ipo.

Wanavyoimba pamoja

Sasa sikilizeni jambo kubwa. Kuhifadhi peke yake hakutoshi. Mahindi yakikaa ghalani miaka yote bila kupandwa, siku moja hayataota. Wimbo nao ni hivyo hivyo.

Meredith na wenzake walilijua hilo. Walianzisha bendi iliyoitwa Bushwhackers. Mwaka 1953 kulichezwa mchezo wa kuigiza uitwao *Reedy River*, juu ya wanyoaji baada ya mgomo wa 1891. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za porini. Watu wa mjini walizisikia na kuzipenda. Mwaka 1954 kikaanzishwa chama cha nyimbo za porini mjini Sydney, nacho kipo mpaka leo. Mwaka 1956 chama hicho kilianza kutoa gazeti dogo, kiasi cha hili letu, likichapa maneno na sauti za nyimbo ili watu wajifunze na kuimba.

Vyombo vyao havikuwa vya gharama. Walichukua fimbo na kuipigilia vizibo vya chupa za bia, vikiwa vimelegea kidogo. Ukiigonga chini inalia chaka-chaka, kama njuga miguuni. Walichukua sanduku tupu la majani ya chai, wakasimamisha mti na kufunga kamba moja. Ukiivuta kamba inatoa sauti nzito kama ngoma kubwa. Fundi yeyote hapa anaweza kuvitengeneza hivyo kabla ya chakula cha mchana.

Na namna ya kuimba ni rahisi. Watu wanakaa kwa duara. Hakuna jukwaa. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Akimaliza anapokea mwenzake. Anayejua wimbo mmoja tu anaimba huo mmoja. Asiyejua kitu anaitikia, na kuitikia ni kazi. Mara nyingi mwimbaji anaeleza kwanza wimbo aliupata wapi na kwa nani. Na ukiimba beti tofauti na nilizozijua mimi, hatugombani. Nakusikiliza, nami nimepata beti mpya.

Tusiwasahau wenyeji

Nisiwafiche jambo moja. Nyimbo hizi za porini ni za wageni waliohamia. Ardhi waliyoiimba walikuwa wamewanyang'anya wenyeji. Wenyeji walikuwa na nyimbo zao tangu zamani sana. Baadhi ya nyimbo hizo zinataja njia, vilima na visima vya maji, hata mtu akizijua anaweza kusafiri mbali bila kupotea. Wimbo kwao ni ramani, ni sheria na ni dini.

Kabla ya mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250 katika nchi hiyo. Leo ni chache tu ambazo watoto bado wanajifunza kwa wazazi wao. Watu waliuawa, wengine walifukuzwa makwao, na watoto wengi walichukuliwa kwa nguvu na kukatazwa lugha zao. Lugha ikifa, nyimbo zake zinakufa pia.

Jambo la pili tunalojifunza kwa wenyeji ni hili: si kila wimbo ni wa kila mtu. Wana nyimbo za wanaume tu, nyimbo za wanawake tu, na nyimbo ambazo mgeni haruhusiwi kuzisikia. Sisi pia tunajua. Nyimbo za jandoni na unyagoni hazipigwi sokoni. Basi anayekusanya nyimbo huomba ruhusa kwanza. Akikatazwa, hunyamaza.

Yaliyonipata mimi

Ndugu zangu, pengine mnafikiri ninayasema haya kwa kuwa nimeyasoma vitabuni. Sivyo. Ninayasema kwa kuwa mimi mwenyewe nimekosa.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mwimbaji. Wakati wa kupalilia pamba yeye ndiye aliyekuwa akianzisha. Alikuwa na wimbo mmoja mrefu juu ya mwaka wa njaa. Ulitaja majina ya mito iliyokauka, mmoja mmoja. Ulitaja watu waliogawana chakula, na pia mtu mmoja aliyeficha chakula chake. Wakiimba, shamba lilikwisha bila mtu kuona.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilirudi likizo nikamkuta akiuimba. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na daftari na kalamu mbili. Nikajiambia, "Likizo ijayo nitauandika." Likizo ijayo nilimkuta amelala kitandani, hawezi kusema sawasawa. Hakuinuka tena.

Leo mimi ninakumbuka kiitikio na mistari miwili. Mama yangu anakumbuka mistari mitatu, nayo haifanani na yangu. Mito ile hatuijui yote. Mwaka wenyewe wa njaa hatuujui. Mimi, niliyesomeshwa ili nifundishe wengine kuandika, sikuandika. Kila ninaposoma habari za mama Sally Sloane namkumbuka bibi, na naona haya.

Tufanye nini?

Nyinyi mmehitimu. Mnajua kusoma na kuandika. Watu wengi wanafikiri kusoma ni kwa ajili ya barua, risiti ya pamba na karatasi ya kura. Ni kweli, lakini haiishii hapo. Kalamu yako inaweza kumwokoa bibi yako asisahauliwe.

Nawapa kazi. Kila mmoja achague mzee mmoja. Amwendee kwa heshima, wakati ambao mzee hana kazi. Amwombe wimbo mmoja tu. Aandike maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha ile ile ya mzee, bila kuyasahihisha. Halafu aandike mambo manne: jina la mwimbaji, mahali, tarehe, na aliupata kwa nani. Mwenye simu ya mkononi inayonasa sauti na ainase, baada ya kuomba ruhusa. Simu hiyo ni nyepesi kuliko mashine ya Meredith.

Tukikutana tena tutakaa kwa duara. Kila mmoja ataanzisha wimbo wake, na sisi tutaitikia. Watoto waje pia. Mimi nitaleta ile mistari yangu miwili ya bibi. Huenda humu yumo mama au baba aliyepalilia pamba zamani, akaijua inayofuata.

Na yule mzee wangu mwenye kondoo watano, nimeambiwa kwamba anajua nyimbo za kuchungia tangu utoto wake. Mzee, sikuja kukufundisha wewe. Wewe utatufundisha sisi. Kalamu tunazo.



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini wanyoaji wa kondoo wa Australia walitunga nyimbo? Waliimba juu ya mambo gani?
2. Ni mambo gani yalifanya nyimbo hizo zikaribie kupotea?
3. John Meredith aliandika majina ya waimbaji. Je, jambo hili lina faida gani?
4. Katika kijiji chenu, ni nyimbo gani za kazi ambazo vijana hawazijui tena?
5. Ni nyimbo gani ambazo hazifai kuandikwa au kuimbwa mbele ya watu wote? Nani mwenye haki ya kuamua?
6. Chagueni siku ya kukaa kwa duara na kuimba. Nani atamwalika mzee gani?